Sheria yamficha mtoto kortini, simu zamwanika hadharani

KILA mara habari za mtoto aliyenajisiwa au kupigwa kinyama zinapozuka humu nchini, mbio mbili huanza kwa wakati mmoja. Za kwanza ni za polisi, matabibu na viongozi wa mashtaka, nazo aghalabu huwa za kujikokota. Za pili ni za wenye simu. Kabla ya fomu ya P3 kujazwa, picha ya mtoto huyo huwa imekwisha kufika katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kanisa, ya wazazi wa shule na ya wenyeji wa kijiji hicho wanaoishi ughaibuni. Jina lake limeandikwa, kijiji kimetajwa, na nambari ya M-Pesa ya mzazi imewekwa ili wenye moyo wa huruma watume chochote walicho nacho.

Wengi wanaofanya hivyo si watu wabaya. Wana uchungu, na wanataka mshukiwa akamatwe. Hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Sheria zetu nyingi kuhusu faragha ya watoto ziliandikwa zikimlenga mwandishi wa gazeti na mtangazaji wa redio au runinga, watu wenye ofisi na wahariri, ambao wakikosea hujulikana walipo. Anayemwanika mtoto siku hizi ni shangazi yake, jirani, mwanaharakati, au mwanasiasa aliyemtembelea hospitalini akiandamana na mpigapicha.

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya imekosa sheria. Taifa hili liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka wa 2000. Yote miwili inampa mtoto haki ya faragha. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki hiyo katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 53 inaamuru kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 50 kinaruhusu mahakama kuwatoa nje wanahabari na umma pale shahidi au mtu dhaifu anapohitaji kulindwa.

Hata kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imepiga marufuku kuchapishwa kwa jina la mtoto aliyehusika katika kesi, nyumbani kwao, shule yake, habari za wazazi au jamaa zake, na hata picha au mchoro wake. Miaka mitano baadaye ilikuja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyotokana na mswada wa Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge maalum, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinamwezesha hakimu kuagiza shahidi dhaifu atoe ushahidi akiwa amekingwa asionekane, au kupitia kwa mtu mwingine, au faraghani, na kuzuia kutangazwa kwa habari zozote zinazoweza kumtambulisha yeye au familia yake.

Lakini zisome sheria hizo kwa makini utaona zinavyongoja korti iketi. Ile ya 2001 ilizungumzia mtoto aliye katika kesi. Ile ya 2006 inamhitaji hakimu atoe agizo. Hakimu anapolitoa, wiki tatu zimepita tangu tukio, na jina analoamuru lifichwe linajulikana kutoka Mombasa hadi Minneapolis. Wakili wa mtoto hujikuta akiomba mlango ufungwe ilhali ng'ombe wamekwisha kutawanyika kondeni.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imejaribu kulipanua jambo hili. Inampa mtoto haki ya faragha hata kama hakuna kesi yoyote, inakataza mashambulizi dhidi ya heshima yake, na inaelekeza kwamba data zake zishughulikiwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ni hatua kubwa. Tatizo ni kwamba watu wachache mno wanajua kuwa ipo, na miongoni mwa wasiojua wamo machifu, walimu na maafisa wa polisi ambao ndio huwa wa kwanza kumsikiliza mtoto.

Kuna kosa jingine ambalo hata wanahabari waangalifu hulitenda bila kukusudia. Gazeti moja linaficha jina la mtoto lakini linataja kijiji na umri wake. Redio inaficha kijiji lakini inasema mshukiwa ni baba wa kambo aliye mhudumu wa bodaboda. Ukurasa wa Facebook wa kaunti unaweka picha ya mwakilishi wa wadi akiwa mbele ya lango la shule, jina la shule likisomeka nyuma yake. Hakuna hata mmoja wao aliyemtaja mtoto. Mwenye kuviunganisha vipande hivyo vitatu, hata hivyo, atamjua kabla chai haijapoa. Zamani vipande hivyo vilitawanyika: gazeti la leo lilifungia nyama kesho, na sauti ya redio ilipotea hewani. Sasa vyote vinakaa mahali pamoja na mashine ya kutafutia intanetini inavipanga mfululizo.

Mahakama zenyewe hazijaepuka mtego huu. Hukumu nyingi huchapishwa katika tovuti ya Kenya Law, na ni jambo jema, kwa kuwa haki inafaa kuonekana ikitendeka. Katika hukumu za unajisi mtoto hutajwa kwa herufi za kwanza za majina yake. Lakini ndani ya hukumu hiyohiyo mara nyingi utakuta jina kamili la mshtakiwa, mahali kosa lilipotendeka, uhusiano wake na mtoto, na maelezo ya daktari neno kwa neno. Iwapo mshtakiwa ni mjomba au jirani, herufi hizo zinasaidia kidogo. Iwapo ni baba mzazi, hazisaidii chochote. Ndiyo maana baadhi ya majaji katika kesi za ngono kati ya maharimu hulifupisha hata jina la mshtakiwa. Utaratibu huo ungefaa kuwa sheria kwa mahakama zote badala ya kuachiwa hiari ya jaji. Hukumu ya mwaka wa 2012 iliyolala kabatini haikumdhuru mtu. Ikiwa mtandaoni, mwajiri wa mwaka wa 2032 ataisoma akiwa ameketi mezani kwake.

Watetezi wa kuwaanika watoto wana hoja moja nzito, na haitakuwa haki kuipuuza. Wanasema kwamba Kenya ni nchi ambamo usipopiga kelele, kesi hulala. Faili hupotea kituoni. Wazee huketi chini ya mti na kukubaliana mbuzi wawili na gharama za hospitali. Mshukiwa mwenye pesa huachiliwa usiku na asubuhi anaonekana sokoni. Picha ya mtoto ikisambaa, wakubwa wa polisi hupigiwa simu kutoka Nairobi na gari hupatikana mara moja. Mama asiye na mtu wa kumshika mkono ataambiwa vipi anyamaze?

Jibu ni kwamba hakuna anayemtaka anyamaze. Tofauti ipo kati ya kuipigia kesi kelele na kumwanika mtoto, na historia ya hivi karibuni inaithibitisha tofauti hiyo. Mnamo Oktoba 2013, Daily Nation lilifichua kisa cha msichana wa magharibi mwa Kenya aliyebakwa na genge la vijana, na ambaye washambuliaji wake waliadhibiwa kwa kufyeka nyasi katika kituo cha polisi kisha wakaachiliwa. Alipewa jina la kubuni, Liz. Zaidi ya watu milioni moja kote duniani walitia sahihi ombi la kutaka atendewe haki, na maandamano yakafanyika Nairobi. Mnamo 2015, wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mamilioni ya watu walilia na Liz bila kuijua sura yake. (Kijiji chake kinatajwa katika taarifa nyingi za wakati huo. Makala haya hayatakitaja.)

Mnamo Mei 27, 2013, Jaji J.A. Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kukosa kuchunguza malalamishi yao ipasavyo. Kesi hiyo, maarufu kama ya wasichana 160, imekuwa ikitajwa na wanasheria wa nchi nyingi tangu wakati huo. Watoto walioiwasilisha walitambulishwa kwa herufi tu, wakisimamiwa na shirika la Ripples International. Waliishinda idara nzima ya polisi bila mtu kuonyeshwa uso wa hata mmoja wao.

Kwa hivyo mama mwenye kesi iliyolala anaweza kuitangaza nambari ya OB, jina la kituo, tarehe aliyopiga ripoti na cheo cha afisa aliyemrudisha nyumbani. Hayo ndiyo yanayowatia wakubwa wasiwasi. Sura ya mtoto inawahuzunisha wasomaji, lakini haimwambii mkuu wa polisi wa kaunti ni faili gani imekaliwa wala nani anaikalia.

Suala la pesa ni gumu zaidi. Michango ya hospitali huja kwa haraka picha inapoonekana, na mzazi maskini anayejua hilo hawezi kulaumiwa kirahisi. Wanaofaa kuulizwa ni viongozi wanaofika na unga, blanketi na kamera. Msaada unaweza kutolewa bila picha. Anayesisitiza picha anajitafutia kitu kingine.

Kisha kuna video zenyewe za dhuluma. Mnamo Novemba 2014, video ya yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo jijini Kampala ilienea duniani kote kwa siku chache. Yaya alikiri kosa na kufungwa mwezi uliofuata. Kesi ikaisha. Video haikuisha. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mwingine imekuwa ikifufuliwa, ikitumwa kana kwamba ni ya jana, na wakati mwingine kwa madai kwamba ilipigwa nchi nyingine kabisa. Mtoto aliyeonekana humo sasa yu katika umri wa kumiliki simu yake mwenyewe.

Video ya aina hiyo ina nafasi ya ajabu katika sheria zetu. Ingekuwa na picha za ngono, ingeangukia katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, ambacho kina adhabu ya faini isiyozidi Sh20 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 25, au zote mbili. Kifungu hicho hakimgusi mpigaji wa picha peke yake. Kinamgusa anayeipakua, anayeituma na anayeihifadhi. Yule jamaa anayesambaza video ya mtoto akinajisiwa huku ameandika "tusaidieni kumtafuta mnyama huyu" ametenda kosa zito, hata kama nia yake ni safi kama maji ya chemchemi. Anachopaswa kufanya ni kuipeleka habari kwa polisi au kupiga nambari ya bure 116 ya kuwasaidia watoto, na kutoituma kwa mtu mwingine yeyote.

Lakini video ya mtoto akichapwa, akifungwa kamba au akitukanwa haimo katika kifungu hicho. Kwa hiyo inabidi kukimbilia Sheria ya Watoto na ile ya Ulinzi wa Data, na huko nako kuna kizingiti. Sheria ya data haimhusu mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani. Je, kundi la WhatsApp ni nyumbani? Kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024. Huo ni umati unaoweza kujaza kanisa na kubakiza wengine nje. Ni muhimu Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliyeingia ofisini mwaka wa 2020, au mahakama, iseme waziwazi kwamba umati wa namna hiyo hauwezi kuitwa sebule ya mtu.

Ofisi yake imekwisha kuonyesha kwamba ina meno. Mnamo Septemba 2023 iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wenye shule wengi waliharakisha kufuta picha katika kurasa zao. Kama picha ya mtoto anayecheka darasani ina thamani hiyo mbele ya sheria, picha ya mtoto aliyelazwa hospitalini baada ya kunajisiwa ina thamani gani?

Hapa inafaa tutue kidogo kwenye neno idhini, kwa kuwa ndilo linalotumiwa kama ngao. Mwanahabari au mwanaharakati akiulizwa kwa nini alimwonyesha mtoto, husema mzazi alikubali. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data hakiishii hapo. Kinataka idhini ya mzazi au mlezi, na pia kinataka matumizi ya data yalinde na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto. Ni masharti mawili, na kutimiza moja hakumwondolei mtu la pili. Mama aliyekesha hospitalini siku mbili bila kula hana uwezo wa kupima jinsi picha hiyo itakavyomfuata bintiye hadi siku ya kuolewa. Na kuna nyumba ambamo mzazi ndiye mtendaji wa kosa, au ndugu wa mtendaji. Idhini ya mtu wa aina hiyo ni karatasi tupu. Wanahabari wana msamaha wao katika sheria hiyo, lakini wenyewe wanajua kwamba msamaha huo umefungamanishwa na maslahi ya umma pamoja na kanuni za maadili ya kazi yao.

Upo upande mwingine wa sarafu ambao wapenda faragha hawaupendi. Kuna taasisi ambazo zimejifunza kulitumia neno hilo kujificha. Mwalimu amempa mimba mwanafunzi, au mlezi wa makao ya watoto ameshukiwa, na wakubwa wanaita mkutano na kusema: tusiliseme jambo hili, tunamlinda mtoto. Wanachokilinda ni jina la shule na sadaka za wafadhili. Tume ya Huduma za Walimu ililiona hili zamani, na waraka wake nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti, la sivyo achukuliwe hatua za kinidhamu. Faragha ni mali ya mtoto. Mwalimu mkuu, askofu au mkurugenzi hana hisa ndani yake, na kumficha mtoto kwa polisi hakukuwa kamwe sehemu yake.

Ukubwa wa tatizo si wa kukisia. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotolewa mwaka wa 2021 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepitia dhuluma za kingono mitandaoni katika mwaka mmoja tu. Baada yake serikali ilitayarisha mpango wa kitaifa wa 2022 hadi 2026, na Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa mwongozo kwa kampuni za simu, intaneti na utangazaji kuhusu usalama wa watoto. Mtoto anayejua kwamba kuripoti ni sawa na kutangazwa hataripoti. Kila picha inayosambazwa kwa huruma inawafundisha watoto wengine kumi kunyamaza.

Kuhusu kuziondoa picha zilizokwisha kutoka, kuna mambo yanayowezekana leo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa mtu haki ya kutaka data zake zifutwe. Kwa picha za utupu, huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa mnamo Februari 2023, humwezesha mtoto au mzazi kutengeneza alama ya kidijitali ya picha bila kuituma picha yenyewe. Kampuni zilizojiunga nayo huitumia alama hiyo kuitafuta na kuizuia. Huduma ni ya bure na inaweza kutumiwa kutoka Kenya. Kasoro yake ni kwamba haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, na kwetu sisi huko ndiko picha nyingi hupita.

Na mtoto anapotimiza miaka 18? Sheria yetu humtambua mtoto kuwa ni mtu asiyefika umri huo. Afrika Kusini ililazimika kulijibu swali hili kwa sababu ya binti aliyeibwa hospitalini jijini Cape Town mwaka wa 1997 akiwa mchanga wa siku chache, kisha akagunduliwa mwaka wa 2015 akiwa na miaka 17. Ilihofiwa kwamba siku ya kutimiza miaka 18 vyombo vya habari vingelichapisha jina alilokulia. Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Kikatiba ya nchi hiyo iliamua kwamba watoto waathiriwa wanastahili kufichwa kama wanavyofichwa watoto washtakiwa na mashahidi, na kwamba ulinzi huo haukomi kwa sherehe ya kuzaliwa. Binti mwenyewe alikuwa amekwisha kujitambulisha miezi michache kabla ya hapo, kwa hiari yake, katika siku aliyoichagua.

Wabunge wetu wanaweza kuliandika jambo hilo kwa mistari miwili katika Sheria ya Watoto: kwamba anayelindwa akiwa mtoto ataendelea kulindwa akiwa mtu mzima, na kwamba atakayeuondoa ulinzi huo ni yeye mwenyewe, au mahakama baada ya kumsikiliza.